Saa za kompyuta zangu zinalingana, mbona treni inapokea amri iliyopitwa na wakati?

Swali: "Naiga mfumo wa reli kwa programu tatu, kila moja kwenye kompyuta yake. Ya kwanza inaendesha treni, ya pili inaiga mawasiliano ya redio kati ya treni na chumba cha uongozaji, ya tatu inaiga abiria wanavyopanda na kushuka vituoni. Zinazungumza kwa soketi za TCP, itifaki ya kutumiana data kwenye mtandao. Kila moja ikiwa peke yake, majibu ni sahihi. Nikiziunganisha, kila nikirudia napata majibu mapya, na mara kwa mara treni inapokea amri ya kusimama yenye mhuri wa muda ambao imeshaupita. Nimeweka NTP (itifaki ya kulinganisha saa za kompyuta kupitia mtandao) kwenye mashine zote na saa hazipishani hata milisekunde moja. Je, ninunue vifaa vya PTP, itifaki yenye usahihi mkubwa zaidi, ili zilingane zaidi?"

Jibu: Usinunue. Hata ukizifunga kompyuta zote tatu kwenye saa moja ya atomu, treni yako itaendelea kupokea amri zilizochacha. Saa umezilinganisha vizuri, ila siyo zinazohusika na tatizo lako.

Katika uigaji, au simulesheni kama wengi tunavyosema kazini, kuna muda wa aina mbili, na ni rahisi kuuchanganya. Kuna saa ya ukutani, ile unayoiona kwenye kona ya skrini. Na kuna muda wa uigaji, yaani ile namba iliyo ndani ya programu inayosema kwamba katika ulimwengu unaouiga sasa ni sekunde ya 107. Hizi mbili hazina undugu wowote. Reli ikiwa tupu, programu ya treni inaweza kukimbia sekunde 400 za uigaji ndani ya sekunde moja ya ukutani, huku ya redio, iliyoelemewa na vifurushi, imesogea sekunde 3 tu. Redio ikifika sekunde ya 107 na kuamua kutuma amri ya kusimama, treni ilishapita hapo zamani. NTP imetimiza wajibu wake barabara: imehakikisha kompyuta zote tatu zinakubaliana ni saa ngapi hasa kosa lilitokea.

Pengine mtu atakushauri utumie saa za Lamport, zilizoelezwa na mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport mwaka 1978. Ni wazo zuri mno, lakini hapa halikufikishi. Saa hizo zinapanga matukio yaliyokwisha kutokea, lipi lilitangulia lipi kwa mnyororo wa sababu. Tatizo lako ni la mambo ambayo hayajatokea. Treni ina tukio la sekunde ya 107 mbele ya foleni yake ya matukio yanayosubiri na inataka kulichakata. Swali lake ni moja tu: je, kuna mtu yeyote huko nje ambaye bado anaweza kuniletea kitu chenye muhuri mdogo kuliko 107? Kama jibu ni hapana, endelea. Kama haijulikani, subiri. Kila programu ikichakata matukio yake kwa kufuata mihuri bila kurudi nyuma, uigaji uliotawanywa kwenye mashine tatu utatoa majibu yale yale ambayo ungeyapata kwenye mashine moja yenye foleni moja. Hiyo ndiyo sharti, na mbinu zote za fani hii ni namna mbalimbali za kuitimiza.

Namna ya kizamani ndiyo ningekuambia uijaribu kwanza. Wote watatu wanasonga kwa hatua moja, wanasimama, wanapeana jumbe zote, halafu wanapiga hatua nyingine. Urefu wa hatua usizidi ucheleweshaji mdogo kabisa uliopo kati ya programu moja na nyingine. Tuseme ujumbe wa redio hauwezi kufika chini ya milisekunde 20. Basi hatua yako ni milisekunde 20. Siku nzima ina sekunde 86,400, kwa hiyo watasimama kusubiriana mara 4,320,000. Kila kusubiriana kukigharimu milisekunde moja ya ukutani, hiyo ni dakika 72 zinazokwenda kwa kusubiriana tu kwa kila siku unayoiga. Ikiwa unaweza kuvumilia dakika 72, fanya hivyo na uachane na hayo mengine yote. Sitanii. Mifumo mingi niliyoitwa kuikagua ilikuwa na ufundi wa hali ya juu uliowekwa kuokoa muda ambao hakuna mtu aliyekuwa akiuhitaji.

Kama huwezi, njoo kwenye ahadi.

Randal Bryant mwaka 1977, kisha Chandy na Misra mwaka 1979, walifikia jambo lile lile bila kutegemeana: kila mchakato uwaambie wenzake sio tu kilichotokea, bali pia hadi lini hakitatokea kitu kutoka kwake. Redio iliyo kwenye sekunde ya 100.00, na ambayo ujumbe wake hauwezi kufika chini ya milisekunde 20, inaweza kusema hata kama haina la kutuma: "Sitawaletea chochote kabla ya 100.02." Ujumbe huu hauna kitu ndani yake isipokuwa huo muda, tunauita ujumbe tupu. Ile milisekunde 20 nitaiita upeo wa ahadi, yaani umbali ambao mchakato unaweza kuuona mbele yake na kuapa kwamba hautausumbua. Bila jumbe tupu, treni ingeisubiri redio, redio ingeisubiri treni, na mfumo ungeganda kwa mkwamo ambao hakuna anayeweza kuuvunja kutoka ndani.

Hebu tuwafuate kwa karibu. Wote wawili wako kwenye 100.00. Tukio linalofuata la treni ni la 107, inapofika kwenye taa ya ishara. Tukio linalofuata la redio ni la 112. Upeo wa redio ni sekunde 0.02. Kompyuta ya ndani ya treni huchukua angalau sekunde 0.2 kuandaa taarifa ya mahali ilipo, kwa hiyo upeo wa treni ni 0.2. Mazungumzo yao yanakwenda hivi:

Redio: sileti kitu kabla ya 100.02
Treni: sileti kitu kabla ya 100.22
Redio: sileti kitu kabla ya 100.24
Treni: sileti kitu kabla ya 100.44
Redio: sileti kitu kabla ya 100.46

Kila mzunguko unasogeza mambo kwa sekunde 0.22. Kufika 107 kunahitaji mizunguko 32 hivi, jumbe zaidi ya 60, na katika kipindi chote hicho hakuna kilichotokea duniani mwao. Sasa tuseme ulisahau kutangaza upeo wa treni, ukauacha kuwa sifuri. Hatua inakuwa 0.02, mizunguko 350. Ukiusahau na wa redio, wataambiana "kabla ya 100.00" mpaka uchoke na kuzima umeme. Nimeona watu wakilaumu mtandao, wakabadilisha swichi na nyaya, kumbe upeo uliandikwa sifuri kwenye faili la usanidi kwa sababu sifuri ndiyo thamani ya kuanzia.

Kutambaa huku kunatibika kwa kuacha kunong'onezana wawili wawili na kuuliza wote kwa pamoja. Kila mmoja anataja tukio lake linalofuata: treni 107, redio 112. Dogo kuliko yote ni 107, kwa hiyo hakuna kitakachotokea popote kabla ya hapo, na wote wanaruka moja kwa moja. Ukijumlisha upeo mdogo zaidi, unajua kwamba kila tukio lililo chini ya 107.02 ni salama kuchakatwa. Raundi moja imefanya kazi ya mizunguko 32.

Lakini hapa ndipo panapowaangusha wengi, na nadhani hata wewe utaanguka hapa kabla ya wiki kwisha. Redio imechakata tukio la 106.88 na kutuma amri ya kusimama yenye muhuri wa 106.90. Amri iko njiani. Unapouliza, redio inajibu kwa uaminifu: tukio langu linalofuata ni 112. Treni haijaipokea amri, nayo inajibu kwa uaminifu: 107. Unatangaza 107. Treni inapita taa, halafu amri ya 106.90 inawasili. Hakuna aliyedanganya, na umerudi pale pale ulipoanzia. Ujumbe ulio kwenye waya hauko kwenye foleni ya mtu yeyote, kwa hiyo hauhesabiwi na yeyote. Dawa rahisi ni kuwasimamisha wote, kisha kujumlisha jumbe zilizotumwa na zilizopokewa: zikiwa 4,812 kwa 4,811, kuna moja bado iko njiani, usitangaze kitu, subiri uhesabu tena. Friedemann Mattern alionyesha mwaka 1993 namna ya kufanya hesabu hiyo bila kumsimamisha mtu, kwa kuzipa jumbe rangi kulingana na kama zilitumwa kabla au baada ya mkato, yaani pale kila programu inapoanza kuhesabiwa upya. Kwa programu tatu huna haja nayo. Kwa elfu tatu utaitafuta mwenyewe. Na kumbuka, hata ile njia ya hatua kwa hatua ina sharti hili: hatua haijaisha mpaka jumbe zake zote zimefika.

Kuhusu TCP: inalinda mpangilio ndani ya muunganisho mmoja tu. Amri kutoka kwa redio na taarifa kutoka kwa abiria zinakuja kwa miunganisho miwili, na hakuna sheria inayosema ipi itangulie. Usiamini mpangilio wa kuwasili hata siku moja. Amini muhuri.

Sasa niseme jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Umeukata mfumo wako pabaya. Treni na redio zimetenganishwa na ucheleweshaji wa kweli wa kimaumbile, kwa hiyo upeo upo, umeokota tu. Lakini treni na abiria? Mlango ukifunguka, abiria anaingia papo hapo. Abiria akisimama mlangoni, mlango haufungi papo hapo. Kati yao upeo ni sifuri, na hakuna mbinu itakayougeuza kuwa kitu kingine. Unaweza kudanganya kwa kusema "kila abiria huchelewa nusu sekunde", na uigaji utaanza kukimbia vizuri, ila utakuwa unaiga reli nyingine. Ningewaweka abiria na treni ndani ya programu moja. Ukihitaji kompyuta ya tatu, kata kwa njia ya ramani: sehemu hii ya reli huku, sehemu ile kule. Treni haiwezi kuruka kutoka kituo hadi kituo; kama inachukua sekunde 90 kwa mwendo wake wa juu kabisa, umepata upeo wa sekunde 90 bila jasho. Linganisha hizo 90 na 0.02 uone tofauti. Sheria ya kidole gumba: kata pale maumbile yanapochelewa.

Upeo unaweza pia kurefushwa kwa ujanja ulio halali. Kama ucheleweshaji wa redio unachotwa kwa nasibu, usingoje ujumbe ufike ndipo uchote. Chota mapema. Ukishajua kwamba ujumbe ujao, wowote ule, utachelewa milisekunde 63, ahidi 63 badala ya 20. Majibu hayabadiliki, ahadi ndiyo inayorefuka.

Utasikia pia habari za Time Warp, na ni haki yako kujua ni nini kabla hujaikataa. David Jefferson aliieleza mwaka 1985 kwa ujasiri ambao hadi leo unanifurahisha: usisubiri mtu. Kimbia na matukio uliyo nayo, ukihifadhi hali yako njiani. Ujumbe wa zamani ukifika, rudi nyuma hadi kabla ya muhuri wake, na kwa kila ujumbe ulioutuma kimakosa, tuma pacha wake wa kuufuta. Pacha akimkuta mwenzake bado yuko kwenye foleni, wote wawili wanatoweka. Akikuta ameshachakatwa, mpokeaji naye anarudi nyuma na kutuma pacha wake. Ule muda mdogo kabisa wa mfumo mzima, niliouelezea kule juu, ndio mpaka: hakuna anayeweza kurudi nyuma yake, kwa hiyo kumbukumbu zote za kabla yake zinafutwa, na ndipo pia matokeo yanaporuhusiwa kuandikwa kwenye faili au kuonyeshwa. Mwaka 2013, huko Livermore Marekani, programu ya ROSS iliyojengwa kwa mbinu hii ilichakata matukio bilioni 504 kwa sekunde kwenye kompyuta ya Sequoia, ikitumia viini vya kuchakata 1,966,080. Jefferson mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Ulikuwa mfano wa majaribio uliotengenezwa kupima kasi, lakini kasi ni kasi.

Kwako haifai. Programu ya treni haikuandikwa ili iweze kurudi nyuma. Inaandika kwenye faili, inafungua soketi, ina hali iliyotapakaa katika vigeu ambavyo hata aliyeiandika hawezi kuvitaja vyote. Kuipa uwezo wa kurudi nyuma ni kuiandika upya.

Kama baadaye programu zitaongezeka, hasa zikiandikwa na timu tofauti, angalia kiwango cha HLA cha kuunganisha programu za uigaji, yaani IEEE 1516, ambacho toleo lake la kwanza la IEEE ni la mwaka 2000. Programu zinaitwa washirika ndani ya shirikisho, na programu ya kati inayoitwa RTI ndiyo inayopokea maombi ya kusonga mbele na kutoa ruhusa. Mshirika anajitangaza kama anawafunga wengine kwa ahadi zake, kama anafungwa na za wengine, au yote mawili. Asiyejitangaza anapokea jumbe kwa mpangilio wa kuwasili, kimya kimya, bila onyo lolote, na dalili zake zinafanana kabisa na ulizoniandikia.

PTP, yaani IEEE 1588, ina mahali pake, nisiionee. Siku utakapounganisha kifaa halisi cha breki au kumkalisha dereva wa kweli mbele ya skrini, muda wa uigaji utalazimika kwenda sawa na ukuta, na hapo saa za kompyuta zitakuwa na maana. Viigaji vya vifaru vya SIMNET vya miaka ya 1980 na kiwango cha DIS kilichofuata mwaka 1993 vilijengwa kwa msingi huo. Pale hakuna anayesubiri mtu. Kila kompyuta inakisia gari la mwenzake limefika wapi kwa kufuata mwendo wake wa mwisho, kisha inajisahihisha taarifa mpya ikifika. Wawili wanaweza kutofautiana kidogo na jicho lisigundue. Kwa mazoezi ya madereva inatosha. Kwa utafiti unaotaka majibu yale yale kila ukirudia, haitoshi.

Hapo ndipo sehemu ya pili ya malalamiko yako, majibu kubadilika, inapobaki hata baada ya kuweka ahadi zote. Angalia matukio yenye mihuri inayolingana. Amri mbili za 100.20: aliyefika kwanza ndiye atakayechakatwa kwanza, na hiyo inaamuliwa na mtandao. Niliwahi kupoteza siku nne nikitafuta kosa lililojitokeza mchana tu. Usiku majibu yalikuwa sawa kila mara. Ilikuwa ni mihuri miwili inayolingana, na mchana kulikuwa na watu wanaotumia mtandao ule ule, basi mpangilio ukawa unabadilika. Panga kwa muhuri, kisha kwa kipaumbele, kisha kwa namba ya mtumaji, kisha kwa namba ya mfuatano wa ujumbe, ili wawili wasilingane kamwe. Namba za nasibu nazo zitenganishe: kila treni na kila kituo kiwe na mkondo wake wa namba na mbegu yake (namba inayouanzisha mkondo huo), la sivyo anayewahi kuchota anabadilisha bahati ya wenzake wote.

Na muda usiuhifadhi kwa namba za desimali. Jumlisha 0.1 mara kumi kwenye kompyuta yako, utapata 0.9999999999999999, na programu mbili zilizofika sekunde ya 1 kwa njia tofauti zitabishana ni nani aliyetangulia. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mfumo wa makombora ya Patriot ulikuwa umewaka saa 100 mfululizo. Ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, ukazizidisha kwa moja ya kumi iliyokatwa ili ienee kwenye biti 24, na kosa likawa limekua hadi sekunde 0.34 hivi. Kombora la Scud halikuzuiwa, na wanajeshi 28 wa Marekani waliuawa. Tumia namba kamili za nanosekunde kwenye biti 64. Zinatosha miaka 292.

Ukishamaliza, jipime hivi. Endesha programu zote kwenye mashine moja kwa foleni moja, uandike logi ya kila tukio: muhuri, mtumaji, aina. Kisha ziendeshe zikiwa zimetawanywa, na ndani ya mojawapo weka makusudi usingizi wa nasibu, milisekunde 0 hadi 50 za ukutani kabla ya kila ujumbe. Logi ukiipanga kwa muhuri lazima ifanane na ile ya kwanza mstari kwa mstari. Rudia ukiilaza programu nyingine. Ikitofautiana, tafuta mstari wa kwanza tu unaotofautiana na uanzie hapo; yote ya chini yake ni matokeo. Ukikwama, nitumie mistari kumi ya kabla ya huo mmoja, kutoka logi zote mbili.